Pazia Lisiloshuka

Kichekesho kile hakikuwa kimechezwa tangu enzi za Malkia Viktoria. Philippa, mwongozaji, alikifukua kwenye mswada uliochakaa, akaapa kuwachekesha watu wa mji wa Penzance nacho, mwiko wake wa kale ukiwa palepale: mstari wa mwisho hautamkwi kamwe mazoezini, wala na mtu asiye mwenye nafasi hiyo, usije ukaleta nuksi. Wiki sita nzima, wakifika pale, mwigizaji Tamsin alifumba mdomo, wote wakaenda kunywa chai.

Mstari huo ulikuwa wake. Tangu ajifungue, miezi minane sasa, alikuwa akisahau hata funguo ndani ya jokofu. Philippa hakumficha: akikwama leo, nafasi yake anapewa mwingine. Na Tamsin aliitaka kazi yake irudi. Aliitaka hadi usingizini.

Saa nane mchana, onyesho la kwanza, ukumbi ulijaa wastaafu na peremende zao. Walicheka kwa kujibana. Mchumba akatoka kabatini, baba mkwe akakalia keki, kisha waigizaji wote wakajipanga mbele, wakamgeukia Tamsin.

Kichwani hamkuwa na kitu.

Mstari aliusoma mara mia kimoyomoyo, lakini ulimi wake haukuwahi kuuonja. Akabuni maneno, akainama kuaga. Pazia halikushuka. Mzee Jago, mvuta kamba, alikuwa amepewa maneno mawili tu ya mwisho wa mstari ule, ayasubiri ndipo ashushe. Kuyatamka yeye ingekuwa kuvunja mwiko. Alisimama pembeni, kamba mkononi, akitikisa kichwa.

Mtu akakohoa. Tamsin akaona kama viti vyote vinamsogelea.

"Mzee Jago, shusha pazia, baba. Naogopa."

"Siwezi, binti. Hujasema."

"Nimesahau."

"Basi tumekwisha, mimi na wewe."

Bibi mmoja wa safu ya mbele akaangua kicheko. Kikamwambukiza jirani yake, kikakimbia hadi nyuma kabisa, watu wakawa wanapiga viti. Jago akababaika, kamba ikamponyoka, pazia likaanguka lenyewe.

Tamsin alikuwa keshavua kofia ya mchezo ili amkabidhi Philippa, aliyepanda jukwaani mbiombio.

"Irudishe kichwani," Philippa akasema. "Kesho mseme vilevile, wewe na Jago. Neno kwa neno."

Tamsin akaomba kalamu upesi. Tayari hakukumbuka alianza na neno lipi.