Mwili Mpya wa Tufaha

Tufaha aliposhuka garini msibani Kwihara, wanawake waliokaa mkekani walimkagua kwanza juu mpaka chini, kisha wakaanza kumpa pole yeye badala ya wafiwa. Shangazi mmoja alimshika mkono, akaupapasa, akamuuliza kwa sauti ya chini kama dawa anazimeza. Tufaha alielewa ni dawa gani. Akaeleza, kama alivyokwisha kueleza sokoni na kwenye maulidi na kila alikopita, kwamba haumwi. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo huko Dar es Salaam ili apungue unene. Shangazi akaitikia "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu asiyesadiki. Ilipoletwa pilau wakamjazia sahani. Alikula matonge machache akaisogeza kando, na mwenye jiko akanuna.

Alirudi Tabora mjini amechoka, hata kusema hataki. Dada yake Ridhaa, ambaye magoti hayakumruhusu kwenda, alikuwa sebuleni akisubiri habari. Aliuliza nani na nani walikuwepo, kisha akauliza chakula kilikuwaje. Tufaha akamwambia pilau ilikuwa nzuri.

"Umejuaje?" Ridhaa akasema, akainuka kwa taabu kwenda jikoni.

Ndivyo walivyokuwa wakiishi siku hizo.

Nyumba ile waliachiwa na baba yao, mzee Sulemani, pamoja na duka la vitambaa lililo mbele yake. Ridhaa alifiwa na mume, Tufaha aliachika, na wote wawili wakarudi kwa baba. Wote walichukua umbo la ukoo wake: wanene, wapana, viti vya plastiki wakiviogopa. Mji uliwajua kwa uwili wao na kwa mkono wao wa kupika. Kila jioni waliketi kwenye sinia moja, wali wa Igunga na mchuzi wa kuku, wakila polepole huku wakiwasengenya wateja mpaka adhana ya isha iwainue. Tufaha alikuwa na huzuni zake, lakini mbele ya sinia lile hakuwahi kujiona mpweke.

Kisha sukari ikampanda. Kidonda cha mguu kikakataa kupona, pumzi ikawa inamkatika usingizini, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea vile mguu utaondoka. Kaka yao Alamin, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, akatafuta madaktari wa kuwapunguza tumbo wote wawili. Ridhaa alikataa katakata. Alisema Mungu alimpa tumbo zima, naye atamrudishia zima. Tufaha akapanda treni peke yake.

Alirudi na tumbo lililokatwa ndani, likabaki jembamba kama ndizi. Majuma ya mwanzo yalikuwa ya uji mwepesi na supu iliyochujwa, kijiko kwa kijiko. Akiharakisha, anatapika. Akionja halua, jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio. Nywele zilibaki kwenye kitana, na ngozi ya mikono ikalegea ikaning'inia kama mikono ya nguo ya mtu mwingine. Lakini sindano za insulini aliziacha, kidonda kikafunga, na asubuhi moja alikisogeza kando kiti alichokuwa akisalia, akasujudu chini, paji la uso likagusa mswala. Alikaa vile muda mrefu, akilia. Alipotoka kwenda kumwambia dada yake, alimkuta jikoni ameupa mlango mgongo, anakula haraka haraka kama mtu anayeiba. Tufaha akarudi chumbani. Tangu hapo kila mmoja akawa anakula kivyake.

Mvua za Machi zilipokolea, Ridhaa aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mguu. Damas, fundi cherehani wa pale barazani, aliwaita wanaume wa jirani ndipo wakamtoa. Hospitali walimfunga plasta ngumu, wakasema akalale nyumbani. Kumgeuza, kumwogesha, kumpeleka msalani, yote yakamwangukia Tufaha, na mwili wake haukuwa ukipata chakula cha kutosha kwa kazi ile. Kuna nyakati alikaa chini ukumbini, beseni mapajani, kichwa kinazunguka, asijue atainukaje. Watu walimsifu kwa wepesi wake. Nguvu hawakumuuliza.

Mchana mmoja alikuwa akimfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, Ridhaa akasema bila kugeuka:

"Tulikuwa wawili, Tufaha. Tukipita, watu wanatucheka wawili. Sasa wananicheka mimi."

Tufaha hakuwa na nguvu za kutafuta maneno mazuri. "Nilitaka kuishi, dada."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukulaumu." Ridhaa akainua mkono ili afutwe ubavuni. "Unajuta?"

"Kupona sijutii. Nasujudu, nalala, miguu yangu ninayo. Lakini nimechoka. Nimechoka kuwaeleza watu, nimechoka kupima kila kijiko. Na humu ndani naishi kama mpangaji."

"Nakuonea haya. Nitakulaje mbele yako, nawe huwezi?"

"Wewe kula. Mimi nataka kukaa tu."

Siku ile Tufaha alimletea dada yake wali na kisamvu kitandani, akaketi karibu naye akiwa na kikombe chake cha supu. Mwanzoni Ridhaa alikula kwa kuibia, akimtazama. Baadaye wakamkumbuka mteja fulani mwenye maneno mengi, wakamsengenya mpaka supu ikapoa.

Haikuwa kwamba mambo yote yalinyooka. Zilikuwapo siku ambazo harufu ya vitunguu ilimchefua Tufaha akatoka nje, na Ridhaa akanuna. Plasta ilipotolewa, Alamin alipiga simu tena, akasema madaktari wako tayari kumwona. Ridhaa alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamwambia hapana. Alikubali tu kwenda kupimwa sukari. Ilikuwa juu sana, juu kuliko ya Tufaha enzi zile, na bado hakubadili neno.

Walirudi kwa bajaji, wamebanana, Ridhaa ameshika mkongojo. Tufaha alijua kwamba huenda ni yeye atakayemzika dada yake, na kwamba hakuna atakalomwambia likamgeuza. Alimsaidia kushuka, akamwingiza ndani, akamketisha kwenye kochi la sebuleni, akampa dawa alizoandikiwa. Kisha akamwomba Damas amwangalizie duka, akajilaza kwenye kochi lile lile, miguuni mwa dada yake, usingizi ukamchukua kabla hajavua baibui.