Kopo la Kumbukumbu

Kwa heshima kubwa natangaza kwamba elimu ya saikolojia, iliyohangaika miaka mingi kuielewa akili ya binadamu, hatimaye imepata ugunduzi wake mkuu, na kwamba ugunduzi huo umefanyika hapa Debre Birhan, kwenye bweni la wanaume wa mwaka wa kwanza, chumba cha kona, chini ya uongozi wangu mimi, Abenezer. Vifaa vilivyotumika ni kopo la kahawa lisilo na kahawa, kijiko kilichopotea njia kutoka bwalo la chakula, na mtu mmoja aliyeniamini.

Huyo mtu ndiye tatizo.

Mimi nimelelewa na shule ya bweni, na shule ya bweni hufundisha kula haraka na kudanganya kwa uso mkavu. Kule Bishoftu niliwahi kuwashawishi wanafunzi wageni kwamba tangi la maji lina cheo, wakalipigia saluti kila asubuhi kabla ya kunawa, mpaka mwalimu mkuu alipowaona na kuuliza nani kafa. Kwa hiyo Mwalimu Zinash aliposimama mbele yetu katika somo la utangulizi wa saikolojia na kusema kuna wagonjwa wanaopata nafuu kwa kumeza kidonge kisicho na kitu ndani, mradi tu waamini ni dawa, nilijisikia kama yatima aliyetambulishwa kwa baba yake mzazi.

"Inaitwa dawa tupu," alisema. "Na kabla hamjaanza kucheka huko nyuma, kila mmoja ataniletea utafiti wake mdogo. Nataka wastani, nataka mkengeuko sanifu, nataka grafu. Na yeyote mtakayemchunguza, mwambieni anaingia kwenye nini, na aridhie. Abenezer, nimesema nini?"

"Aridhie, mwalimu."

"Aridhie nini?"

"Anachoingia, mwalimu."

Nilijibu vizuri sana. Kujibu ndiko nilikoishia.

Kitanda cha chini yangu analala Dersolign. Chumba kizima kinamwita Shemasi, kwa sababu ni shemasi kweli; amesoma shule ya kanisa huko kwao Menz na anaijua Zaburi yote kwa moyo, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa lugha ambayo hata wanaoisikia kila Jumapili hawaielewi. Lakini takwimu zilimshinda. Muhula uliopita alianguka, na chuo kikampa nafasi ya mwisho. Akianguka tena anafunga blanketi lake na kurudi kuchunga kondoo wa baba yake, mbele ya kijiji kizima kilichompigia vigelegele siku alipoondoka.

Si kwamba hajui. Mintesnot, wa kitanda cha dirishani, alikuwa akimjaribu kila jioni.

"Shemasi, wastani ni nini?"

"Unajumlisha vyote, unagawanya kwa idadi yake."

"Haya, piga hii hapa."

"Ukiniangalia siwezi."

"Nikufumbie macho? Na kwenye mtihani nani atafumba, msimamizi?"

"Ndiyo maana nilianguka," alisema Dersolign, na akafuta viganja kwenye suruali. Vilikuwa vimelowa kabisa.

Hapo sayansi ikaniita. Nilichukua beso, ule unga wa shayiri iliyokaangwa ambao kila mama wa nchi hii humfungia mwanawe akienda mbali. Nikatia manjano kidogo, ili uwe na rangi ya kitu kilichotoka maabara. Nikaonja. Ulikuwa na ladha ya beso lenye manjano, na hakuna mtu angeamini kitu hicho kinatibu hata kikohozi. Basi nikachota kwenye maziwa ya unga aliyoniletea shangazi kutoka Dubai, nikachota tena, na tena, nikakoroga. Ukawa mzito, mtamu, wa ajabu. Nikaandika juu ya kopo: KUMBUKUMBU.

"Mjomba wangu ni mfamasia Addis," nilimwambia. Sina mjomba mfamasia. "Madaktari wanafunzi wote wanakunywa hii. Vijiko vitatu kwenye maji ya moto, unakaa, unasoma. Ni siri, lakini wewe ni ndugu yangu."

Dersolign alilinusa kopo. Ilikuwa Kwaresima tayari, na yeye alikuwa hatii kitu mdomoni mpaka saa tisa alasiri, na hata ikifika ni injera na shiro tu, ule mchuzi wa unga wa dengu, hakuna nyama, hakuna yai, hakuna chochote kilichotoka kwa mnyama. Sisi kwetu ni walokole. Kwaresima hupita nje ya mlango wetu bila kugonga.

"Haina siagi?" akauliza.

"Siagi?" nikasema, kwa uso ule wa tangi la maji. "Shemasi, naapa, siagi haimo."

Na kweli haikuwamo. Niliona nimejibu kama wakili. Usiku nilijifunika shuka nikacheka peke yangu.

Dawa ilifanya kazi. Sitanii. Kila alasiri, baada ya sala, Dersolign alikunywa kikombe chake polepole kama mtu anayekomunika, kisha akaketi na takwimu zake. Viganja vikaanza kukauka. Zoezi la darasani akapata nusu, lililofuata akapita nusu, na jaribio la katikati ya muhula likarudi na alama ambazo Mintesnot alizisoma mara mbili.

"Huyu amemeza kikokotoo," akasema Mintesnot. "Abenezer, na mimi nipe hiyo kitu."

"Wewe ni kundi la kulinganishia," nikamjibu. "Kazi yako ni kutopewa."

"Nilijua tu nina kazi."

Nilichora grafu. Mstari ulipanda kama kilima cha Tarmaber. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora kwamba imani peke yake, bila msaada wa kitu kingine chochote, inaweza kumfundisha mtu mkengeuko sanifu. Nilijiona nimeshavaa joho.

Kisha Jumamosi moja tulikuwa tukifua nguo bombani, maji baridi kiasi cha kuuma mifupa, na Dersolign akaanza kuimba. Sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa.

"Una furaha gani, Shemasi?"

"Nikuambie kitu, usicheke?"

"Mimi nimewahi kucheka?"

Alikamua shati, akalitundika. "Nilipoanguka muhula ule niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu, nitafunga Kwaresima hii yote bila kosa, wala tone la kitu kilichokatazwa na mfungo lisipite hapa," akagusa koo, "nawe univushe mtihani huu. Nilikuwa naogopa hata kukuambia. Sasa naona ananivusha. Na amekutumia wewe, na mdomo wako huo."

Niliendelea kusugua soksi iliyokuwa safi tayari.

Nilikuwa najua anafunga. Wengi bwenini wanafunga. Ni kama kujua mtu ana mafua. Nadhiri ndiyo sikuijua. Yale maneno yangu ya siagi yalinirudia, na safari hii sikuyaona ya wakili. Nikajiambia nitamwambia. Nikajiambia pia kwamba nikimwambia sasa, mtihani wa mwisho ukiwa umekaribia, viganja vitalowa tena na atarudi Menz, na kwamba kunyamaza ni huruma. Huruma ni neno zuri. Nililitumia vizuri.

Nilichofanya ni hiki: nilimwaga kopo chooni, nikatengeneza jingine, beso na manjano tu, halali kabisa. Imani yake ilikuwa palepale, kopo lilikuwa lilelile, maandishi yaleyale. Kwa nadharia yangu, hakuna kitu kingebadilika.

"Limebadilika," alisema siku ya kwanza, akilamba kijiko. "Limekuwa jepesi."

"Ni la shehena mpya."

Akanywa. Jioni akasinzia juu ya kitabu. Kesho yake kichwa kikamuuma kuanzia mchana, na zoezi la wiki ile likarudi chini ya nusu. Alilikunja, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kipande cha sabuni. Halafu akaanza kufuta viganja.

"Mungu ameondoka," aliniambia kwa sauti ya chini, ili Mintesnot asisikie. "Kuna kitu nimekosea, Abenezer. Sijui ni kipi."

Usiku ule sikucheka chini ya shuka. Asubuhi alipokwenda kanisani, nilichukua mfuko wa maziwa wa shangazi chini ya godoro langu. Sasa nilikuwa najua kila kitu, nadhiri na yote. Nikachota, nikakoroga, nikafunika.

Akapona. Wiki ileile.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani Mwalimu Zinash aliniita ofisini. Kazi yangu ilikuwa mezani, grafu ikimtazama.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Hii inanipa wasiwasi. Hapa katikati pameshuka kwa nini?"

"Alichoka, mwalimu."

"Akachoka, halafu akachokoka." Aligonga mstari kwa kalamu. "Abenezer, mtu anashinda njaa mpaka saa tisa, anakula shiro ya bwalo, ambayo mimi na wewe tunaijua. Wewe unampa kikombe kizito kila siku, anapata akili. Unaniambia ni imani. Kigeu kingine hukukiona?"

"Kipi, mwalimu?"

"Chakula. Kwenye kopo mlikuwa na nini?"

"Beso, mwalimu."

"Beso na nini?"

"Na manjano."

Alinitazama. Tangi la maji halikuwahi kunitazama hivyo. "Na aliridhia? Maana nimemwita mwenyewe aniambie."

Mlango ukagongwa. Dersolign aliingia na netela yake nyeupe mabegani, ametoka kanisani, na sahani iliyofunikwa mikononi. Aliinama mbele ya mwalimu mpaka nikaona kisogo chake.

"Niliridhia," alisema kabla hajaulizwa; swali alilisikia mlangoni. "Mwalimu, huyu ni ndugu yangu. Nimekuletea na wewe uonje, ndiyo hiyo dawa, nimeifinyanga kwa maji na asali. Nimesikia na wewe unafunga, na saa tisa imepita."

"Umejisumbua, mwanangu."

"Si sumbuko."

Akanawa mikono kwenye beseni la pembeni, akachukua donge moja, akalilainisha kwa vidole kama mama anavyomfanyia mgeni, akauinua mkono kuelekea mdomo wa mwalimu. Tonge la mkono wa mtu halikataliwi. Mwalimu Zinash aliegemea mbele, akaweka kiganja chini ya kidevu kuzuia makombo, akafungua mdomo. Macho yake yalikuwa kwangu, si kwa tonge.

"Mwalimu, usile," nikasema.

Mkono wa Dersolign ukasimama hewani.

"Lina maziwa," nikasema. "Ya unga. Shangazi aliniletea."

Mwalimu alifunga mdomo na kurudi nyuma taratibu kwenye kiti. Dersolign alilitazama lile donge kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake, asijue pa kukiweka.

"Uliapa," alisema.

"Niliapia siagi."

Nilitaka kusema jambo lingine. Nilitaka kusema sikujua nadhiri, na lingekuwa kweli kwa nusu ya grafu. Aliliweka donge kwenye sahani, akalifunika, akakunja kitambaa vizuri pembe kwa pembe.

"Bombani nilikuambia," alisema. "Baada ya pale?"

"Baada ya pale nililiondoa. Ndiyo ile wiki uliyoanguka."

"Halafu?"

Viganja vyake vilikuwa vimeanza kulowa. Niliona akivifuta kwenye netela, kile kitambaa cheupe cha kanisani, na Jumatatu ilikuwa mtihani.

"Halafu nikarudisha," nikasema. "Nilikuwa najua, Dersolign. Na kikombe cha jana nilikukorogea mwenyewe."