Mkalimani wa Chumba cha Kufulia

Mkataba niliosaini kwetu Osh, Kirigizistani, ulisema kazi yangu ni mapokezi ya hoteli. Nilipofika Harlow Beach, mji wa ufukweni Marekani, mwanzoni mwa Juni, nilishushwa ngazi mpaka chini kabisa ya hoteli, nikapewa glavu na kuoneshwa mlima wa mashuka machafu.

"Mapokezi wamejaa," alisema Rhonda, msimamizi wetu. "Lakini Kiingereza chako ni kizuri. Utanisaidia kusema na wenzako."

Tulimwita Rhonda tu, mwenyewe alitaka hivyo, ingawa ulimi wangu ulikuwa mzito kumtaja kwa jina tupu mwanamke wa umri wa mama yangu.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili tuliokuja kufanya kazi likizo ya kiangazi na kuiona Marekani. Kumi na mmoja tulikuwa Wakirigizi. Wa kumi na mbili alikuwa Ruxandra kutoka Rumania, msichana mwenye mdomo usio na breki, ambaye alikuwa amekuja Marekani kwa mpango huohuo mwaka uliotangulia na kwa hiyo alijiona bibi yetu sote. Tulilala nyuma ya kituo cha mafuta, wasichana saba chumba kimoja, wavulana watano kingine. Kila chumba kilikuwa na vitanda viwili. Wengine magodoro chini. Ukutani kwetu kulikuwa na ukungu mweusi ambao Ruxandra aliupa jina, akawa anausalimia kila asubuhi.

Yote hayo tuliyavumilia. Tuliambizana ni miezi mitatu tu.

Kule chini kulikuwa na mashine ya kunyooshea mashuka, yenye roli mbili za moto. Kitufe chake chekundu cha kuizimia kwa dharura hakikufanya kazi tangu tulipofika. Nilimwambia Rhonda mara mbili. Mara zote mbili alisema fundi yuko njiani.

Aliyekuwa akiisimamia mashine hiyo ni Tilek, mvulana wa mkoa wetu wa Naryn, mrefu, mpole, anayesomea umeme. Kiingereza chake kilikuwa maneno kama thelathini hivi. Nilimzidi mwaka mmoja, basi aliniita eje, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa, na kila jambo alilileta kwangu: barua ya benki, maandishi ya kwenye dawa ya meno, yote kwangu.

Jumatano moja ya Julai, kabla ya chakula cha mchana, shuka lilijikunja kwenye roli. Tilek akanyoosha mkono kulivuta, mashine ikamvuta yeye. Alipiga kitufe chekundu kwa mkono wa pili, akapiga tena. Ruxandra ndiye aliyekimbia kuchomoa waya ukutani. Mkono ulipotoka, ngozi ya juu ilikuwa nyeupe, kisha ikawa nyekundu. Tilek hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akauliza kama shuka limeharibika.

Rhonda alitupeleka kliniki kwa gari lake. Tulipokuwa kwenye taa nyekundu, alisema bila kugeuka, "Saikal, sikiliza. Mkimwambia daktari ni mashine, watakuja watu wa serikali, watafunga kule chini, na nyinyi nyote mtarudishwa kwenu. Aliungua akipika. Umenielewa?"

Nilielewa. Nilimfikiria baba aliyeniombea ruhusa kwa ukoo mzima nije. Niliwafikiria wale kumi.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya uchovu. Akauliza, "Ameungulia wapi?"

Tilek alinitazama mimi, akisubiri nimwambie ameulizwa nini. Rhonda alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi.

"Jikoni," nikasema. "Alikuwa anakaanga viazi."

Daktari akaugeuza mkono taratibu. Alama ilikuwa imenyooka kama imepigwa kwa rula.

"Kikaango cha namna gani hiki?"

"Hawa watoto!" Rhonda akacheka. "Wanapikia kila kitu, we acha tu."

Daktari akaandika.

Tulipokuwa tumeketi kwenye ukingo wa barabara, Tilek mwenye bendeji mpaka kwenye kiwiko, akaniuliza, "Eje, ulimwambia nini? Nilisikia neno viazi."

Nikamweleza. Nilitarajia atanigombeza. Nilitaka anigombeze.

"Mimi hata kukaanga viazi sijui," alisema. "Mama akisikia atacheka." Kisha akaanza kunywa maji kwa mkono wa kushoto, yakimmwagikia shati, na mimi nikashindwa kumtazama.

Keshoye alirudishwa kazini, kukunja taulo kwa mkono mmoja.

Ruxandra ndiye aliyenipa namba. Ilikuwa nyuma ya kadi tuliyopewa na kampuni iliyotudhamini viza: ukiwa na tatizo, tupigie. Mimi kadi yangu nilikuwa nimeifanya alama ya kitabu.

"Piga," alisema. "Tena utaje jina lako. Malalamiko yasiyo na jina wanayafutia meza. Mwaka jana tuliandika barua ndefu hivi, tukasaini 'wanafunzi wenye huzuni'. Unadhani nani alikuja?"

"Na wakitufukuza?"

"Basi nitakwenda kwa mama yangu, anizodoe kwamba nimenenepa. Piga, mwanamke!"

Nilipiga kutoka nyuma ya kituo cha mafuta. Sauti changamfu ilinisikiliza mpaka mwisho, ikauliza, "Je, umejaribu kuzungumza na mwajiri wako?" Nikasema mwajiri ndiye malalamiko yenyewe. Ikasema mtu atakuja Jumatatu saa nne.

Kumbe walimpigia Rhonda pia.

Jumatatu saa tatu tuliitwa sote kwenye ukumbi wa kifungua kinywa. Wageni walikuwa wamekwisha kula. Meza zilinuka shira ya pankeki. Mbele ya kila mmoja wetu kulikuwa na karatasi na kalamu. Nikaisoma yangu: mimi niliyesaini hapa chini ninaridhika na kazi na makazi yangu, na sijawahi kuumia kazini.

"Watafsirie," Rhonda aliniambia. "Waambie ni utaratibu wa kawaida. Na waambie kuna mmoja kati yenu amepeleka maneno ya uongo, na kama hamtasaini, viza zenu zinafutwa wiki hii."

Nikasimama. Nikasema kwa Kikirigizi:

"Jamani, aliyepeleka maneno ni mimi. Karatasi hii inasema hakuna aliyeumia. Ukisaini, umesema Tilek aliungua kwa viazi, kama nilivyosema mimi, na mimi nilidanganya. Mama huyu anasema atafuta viza zetu. Ruxandra anasema hana uwezo huo, ni kampuni iliyotudhamini tu. Sijui nani mkweli. Saa nne anakuja mtu wa kampuni. Mimi sisaini. Wewe utajijua mwenyewe."

Mmoja wa wavulana alicheka kwa pua.

"Anacheka nini?" Rhonda akauliza. "Na mbona maneno mengi hivyo?"

"Lugha yetu ni ndefu," nikasema.

 Jokofu la juisi lilikuwa likinguruma. Erkin, aliyeketi mwisho wa meza, alichukua kalamu, akasaini, akainamisha uso. Baadaye wengine walimnunia, mimi sikuweza. Msichana mmoja naye akasaini. Kalamu kumi zilibaki mezani. Tilek aliisukuma yake kwa mkono wa bendeji mpaka ikaanguka sakafuni, sijui kama alikusudia.

Rhonda alinijia karibu. Nilidhani atapiga kelele, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi pia nina bosi, Saikal. Nimemwomba kile kitufe tangu Aprili."

"Basi mwambie huyo anayekuja," nikasema.

Akageuka kuutazama mlango.

Aliyekuja alikuwa Bi Whitcomb, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Aliuliza kwa ujumla, Rhonda akiwa pembeni, "Haya, mnaendeleaje? Mko sawa?" Nikaona vichwa vinaanza kutikisika kukubali, kwa mazoea tu. Nikasema, kabla sijaogopa tena, "Mimi nilimdanganya daktari. Mkono wake uliungulia kwenye mashine. Niliambiwa niseme jikoni, nikasema."

Bi Whitcomb alisema tutayazungumza faragha. Ruxandra akasema, "Faragha? Karibu chumbani kwetu basi, uone faragha ilivyo."

Tukaenda. Alihesabu vitanda, akahesabu magodoro, akahesabu sisi. Alipiga picha za ukuta. Alipofungua mlango wa bafu aliufunga haraka. Kisha tukarudi hotelini, akashuka ngazi zile, akakibonyeza kitufe chekundu kwa kidole chake mwenyewe huku mashine ikizunguka. Mashine haikusimama. Akaandika.

Ndani ya siku nane tulihamishiwa kazi na makazi mengine. Hata Erkin. Kliniki ilisahihisha maandishi, na bima ya hoteli ikabeba matibabu ya Tilek. Yeye alichagua kurudi nyumbani. Vidole vyake vinakunjika vyote isipokuwa kile kidogo cha mwisho. Rhonda, nasikia, bado yuko palepale. Mimi niliandikiwa barua ya onyo na kampuni kwa kutoa taarifa za uongo kwa daktari. Niliisoma mara mbili, nikaona wamesema kweli, nikaisaini.

Wiki zilizobaki nilifanya kazi kwenye duka la mikate mtaa wa pili kutoka ufukweni.

Septemba, nikiwa nyumbani, Rustam, wakala aliyetupeleka, alinialika ukumbini chuoni nizungumze na waombaji wapya. "Uwape moyo, dada," alisema. Nikawasimulia haya niliyosimulia hapa. Rustam akanipokonya kipaza sauti, akasema kila mwaka hutokea bahati mbaya moja au mbili, na foleni ya fomu ikajipanga mpaka mlangoni.

Msichana mmoja alitoka kwenye foleni akanifuata. "Ungepata nafasi, ungekwenda tena?"

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini kule kwenye duka la mikate nilikuwa nikimaliza kazi saa tano asubuhi, nakwenda kukaa mchangani na mkate wa moto, mimi niliyezaliwa mahali ambapo bahari iko kwenye ramani tu, na mawimbi yalinifurahisha kila siku kama mtoto. Nikamwambia hilo pia. Akashukuru, akarudi kwenye foleni, na nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa, akaanza kugombana na aliyeichukua.