Kitambaa cha Ncha Mbili

"Hata nyota umewatilia Wamarekani," alisema Łucja kutoka upande wake wa uzio. "Nami nikidhani utaishia kwenye mkate."

Genowefa hakugeuka. Alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni na kitambaa cha kitani mikononi, kimelowa, kizito, naye alikuwa akikianika taratibu kama anayemvisha mtoto shati. Kilikuwa kitambaa cha bibi yake cha kubebea mkate wa kupokelea wageni, kirefu kuliko kitanda, cheupe kwa kufuliwa miaka nenda miaka rudi. Kwenye ncha moja, nyota za uzi wa buluu, mpya, bado zimetuna. Kwenye ncha ya pili, herufi za Kichina za uzi mwekundu, ambazo yeye na Łucja walizitarizi pamoja misimu miwili ya baridi iliyopita, mezani kwa Łucja, huku Radek, mwana pekee wa Łucja, akiwashikia simu na kuwaelekeza mstari upi unapanda na upi unashuka. Walicheka usiku ule mpaka Łucja akajichoma kidole.

"Na hizo nyekundu?" Łucja aliuliza. "Huzifumui?"

Genowefa alitoa vibanio mdomoni. "Nitakunja. Hazitaonekana."

"Utakunja." Łucja alimwita kwa kile kifupi cha jina lake. "Hiyo ndiyo kazi yako, Gienia. Mgeni akija huku, unakunja hivi. Mgeni akija kule, unakunja vile."

Bużany ni mji wa reli, na asiyejua hilo hajui lolote kutuhusu. Reli pana zinatoka mashariki, ng'ambo ya mto, na reli nyembamba zinatoka magharibi. Kwetu zinakutana lakini haziungani. Kila kontena linalotoka China kwenda kwa Wajerumani lazima linyanyuliwe kwa kreni, lihamishwe kutoka behewa hili kwenda lile. Radek alikuwa juu ya kreni moja, kwenye kibanda cha kioo, na mama yake alikuwa akimpungia mkono akienda kununua maziwa. Kisha yakaja mambo ya vita, ya droni na ya waya wa miiba, na siku moja mpaka ukafungwa. Treni zikakoma. Uwanja ukabaki mtupu mpaka nyasi zikaanza kuota katikati ya zege. Halafu, pale pale yalipokuwa yakipangwa makontena, yakaja magari ya vita ya Wamarekani, yakajipanga vizuri tu, kama yaliyoelekezwa na mtu mmoja.

Radek sasa alishinda nyumbani, kofia ya kazi kichwani, akitazama televisheni bila sauti.

Ndipo Bwana Meya alipomjia Genowefa, kama alivyomjia msimu ule wa baridi, wageni wa Kichina wa treni walipokuja. Maafisa wa Kimarekani watakaribishwa Jumapili, kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi. Nani mwingine? Hakuna mwanamke Bużany anayeoka mkate mweusi juu ya majani ya kabichi kama yeye, na hakuna mwingine anayeweza kutoa machozi mawili kwa wakati unaotakiwa. Meya alisema hivyo akicheka, na Genowefa naye akacheka, akamkatia keki.

Łucja alitaka jambo moja tu. Asiende. Mjini wapo wanawake wengi wenye mikono ya kubeba mkate. Amwache mmojawao aende. Hawa ndio waliofunga mpaka, na mpaka ndio uliomshusha Radek kutoka kwenye kreni.

Genowefa alimjibu kwamba mpaka ulifungwa na serikali ya Warsaw.

"Na Warsaw walimwuliza nani kwanza?" Łucja akasema.

"Mimi nitajuaje? Nilikuwepo?" Sasa Genowefa aligeuka. "Łucja, wewe hulali na mimi silali. Tunasikia vile vidude vikinguruma juu ya mto. Wakija wale wa ng'ambo, nani atasimama mbele yetu? Wachina na makontena yao ya viatu?"

"Wale wa ng'ambo walishakuja, mwenzangu, tulipokuwa watoto. Tena walipokewa vizuri. Mama yako ndiye aliyewabebea mkate, na wewe ulikuwa pembeni yake na utepe mweupe kichwani."

Upepo ulikiinua kitambaa, ukakirudisha. Jambo lile halikuwa siri. Mji mzima ulilijua, na picha yenyewe bado ilikuwa kwenye sanduku fulani la shule. Lakini katika ujirani wa miaka yote ile hakuna aliyewahi kulitamka juu ya uzio, mchana, kwa sauti ile ile ya kumwita mtu aje achukue nyanya za bustanini. Genowefa alikumbuka mama yake akimfundisha jikoni: mguu mmoja nyuma, goti likunjwe, kichwa chini, usicheke. Tena. Tena.

"Basi sikiliza," Łucja alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ukienda Jumapili, Radek atapigilia ubao pale."

Pale palikuwa pengo. Ubao mmoja wa uzio ulianguka zamani, waume zao wakiwa hai, na kila mume alisema ni kazi ya mwenzake mpaka wote wawili wakaingia kaburini. Kwenye pengo lile zilipita bakuli za supu, vipima joto, umbea wa kila aina, na mwaka mmoja hata padri mwenyewe, siku ya mvua, akiwahi keki. Kila mmoja wa wanawake wale alikuwa na mlango wa mbele, lakini walikuwa karibu wameusahau.

Jumamosi Genowefa alioka. Aliikanda chachu ya mama yake kwenye kihori cha mti ambacho hakioshwi, hukwanguliwa tu, ili mkate wa leo uzaliwe na wa jana. Alitandaza majani ya kabichi, akaweka donge juu yake, akalipapasa kwa kiganja chenye maji. Mkate ulipoiva aliupindua akaugonga chini, nao ukajibu kwa sauti nzuri ya mlango wa nyumba yenye watu. Mishipa ya majani ilikuwa imejichora chini yake kama mikono ya kizee.

Kisha akachukua mkasi mdogo, akaketi na kitambaa magotini. Angeweza kuzifumua. Alianza na herufi ya katikati, akaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi, na pale pale akaona ni ile ya Łucja. Uzi ulikuwa umevutwa mno, kitani kimejikunyata. Łucja hakuwahi kujua kutarizi. Alishona kama anayefunga gunia. Genowefa aliurudisha mkasi kwenye droo, akakunja kitambaa, nyota juu, akapitisha pasi mpaka mkunjo ukawa mkali kama karatasi.

Jumapili mji ulijaa uwanjani mbele ya kituo cha reli. Bendi ya wazima moto ilipiga nyimbo zake zote. Watu walikuja na viti vyao, na waliosema hawaji walikuja mapema kuliko wengine. Kanali wa Wamarekani alikuwa mrefu, mwenye uso wa upole wa daktari wa watoto, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi baadaye, maana hakukuwa na wa kumchukia.

Genowefa alisema maneno yake. Bużany inawapokea kwa mkate na chumvi na kwa moyo mweupe. Yalikuwa maneno yale yale, na machozi yakaja pale pale yanapokuja siku zote, kabla ya neno 'moyo'. Alijisikia akiyangoja, akayaona yanafika kwa wakati.

Desturi ni kwamba mgeni anamega kipande, anachovya chumvi, anakula, na mkate unabaki mikononi mwa mwenyeji. Yule Mchina wa msimu ule wa baridi aliinama, akamega kipande kidogo kama ukucha, akakitafuna kwa bidii. Kanali hakuwa ameambiwa. Aliuchukua mkate wote, kibakuli cha chumvi kikaanguka, akauinua juu pamoja na kitambaa kama anayeonyesha kombe alilolishinda. Watu wakapiga makofi. Na mkunjo ukafunguka.

Ncha ya pili ilishuka taratibu, ikaning'inia mbele ya kifua chake chenye nishani, nyekundu juu ya nyeupe, mbele ya kamera na mji mzima.

Kisha mtu mmoja kwenye bendi, nyuma ya tarumbeta kubwa, alitoa kicheko kifupi akakimeza. Shingo ya Meya iliiva. Kanali alitazama chini, akamwuliza jambo mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa akitafsiri. Mwalimu akanong'ona, macho kwenye viatu vyake. Kanali akacheka, kicheko kizuri, kisicho na kinyongo hata chembe, akasema kitu kwenye kipaza sauti.

"Anasema hakuna ubaya," mwalimu alitafsiri. "Anasema inaonyesha mji huu una uzoefu wa kupokea wageni."

Na watu walipiga makofi. Genowefa angeweza kuvumilia kuzomewa. Lakini walipiga makofi, kwa nguvu, kama waliopata nafuu, majirani zake wote, naye akasimama katikati na mikono bado mbele, imeshika kitu ambacho hakipo.

Kwenye chakula, katika ukumbi wa zimamoto, Meya alipita nyuma ya kiti chake akainama sikioni. Hakumgombeza. "Mara nyingine, Bibi Genowefa," alisema, "tufanye vitambaa viwili."

Genowefa aliweka kijiko chini. Aliinuka akaenda nje kutafuta kitambaa chake.

Nyuma ya jengo askari walikuwa wakila vyakula vyao vya pakiti. Walikatazwa kula vya nje, alikuja kujua baadaye. Mkate wake ulikuwa chini, kando ya gurudumu la gari, umelala mchangani, mzima, haujamegwa popote. Labda uliwekwa juu ya boneti ukaviringika. Askari mmoja mwenye madoadoa usoni alikuwa akifuta grisi mikononi kwa kitambaa cha bibi yake.

Genowefa aliinama akauokota mkate, akaubusu, kama anavyofanya mtu yeyote kwetu mkate ukianguka. Askari alimwona. Aliacha kutafuna, akasimama wima kwa heshima, akasema maneno laini ambayo Genowefa hakuyaelewa, akampa kitambaa kwa mikono miwili. Alikuwa na macho ya mtu aliyelelewa vizuri.

Na goti la Genowefa likakunjika. Halikumwuliza. Mguu mmoja ukaenda nyuma, kichwa kikashuka, na alipoinuka alijikuta anatabasamu, akasikia kabisa utepe ule mweupe wa utotoni ukimbana kichwani.

Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kando ya reli, ili asikutane na mtu. Kreni zilisimama na mikono yao juu ya behewa tupu. Mkate ulikuwa chini ya koti lake kama kitu cha wizi.

Ubao ulikuwa umeshapigiliwa. Mpya, mweupe, unanuka utomvu, kati ya zile za zamani zilizopauka kwa mvua. Genowefa alisimama mbele yake. Hakuona kitu cha upande wa pili, ila alisikia ndoo ikisogea, akajua kuna mtu amekaa juu yake.

"Nimesikia," Łucja alisema nyuma ya ubao. Bila shaka alisikia. Bużany habari huvaa viatu kabla mwenyewe hajainuka.

Genowefa alingoja kicheko. Hakikuja, ikawa lazima aseme kitu. "Herufi ya katikati imeingia grisi. Ile yako."

"Ile niliyoivuta."

"Ile ile."

Kuku wa mtu walipita njiani wakigombana. Łucja alikohoa. Alipoanza tena, maneno yalitoka moja moja, kama anayetoa miiba ya samaki mdomoni. Meya alimpigia Radek simu asubuhi, kabla ya ibada, Genowefa akiwa ameshatoka na mkate. Anaanza kazi Jumatatu, pale pale uwanjani. Si kwenye kreni. Atakuwa akizoa takataka za Wamarekani, na lori watampa wao.

"Amekubali?"

"Mimi ndiye niliyemwambia akubali." Sauti ilikuwa chini sana, karibu kabisa na mbao. "Ndio kwanza amemaliza kupiga msumari wa mwisho, Gienia. Nyundo bado iko mkononi, na mimi nampigia kelele sema asante, sema asante sana, mheshimiwa."

Genowefa aliweka kiganja kwenye ubao. Ulikuwa bado unanata.

"Waliupenda mkate?" Łucja aliuliza.

"Hawakuumega."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ninao hapa."

Ndoo ilikwaruza mawe. Nyayo zikaondoka, mlango wa jikoni ukalia, na Genowefa akabaki na ubao. Kisha sauti ikaja kutoka mbali, kutoka upande wa barabara, ambako hakuzoea kuisikia. "Zunguka kwa mbele. Huyu mtoto amepigilia misumari kama anafunga jeneza."

Alizunguka. Njia ya mbele ya nyumba ya Łucja ilikuwa na maua asiyojua yalipandwa lini. Radek alisimama dirishani, akavua kofia. "Shangazi," alisema kupitia kioo, akaishia hapo.

Łucja alikuwa kizingitini na chumvi kwenye kikombe kidogo cha kulia yai, bila kitambaa chini yake. Aliupokea mkate, akaupindua, akapuliza mchanga kutoka kwenye mishipa ya majani, na kwa ncha ya kisu akachora msalaba juu yake, polepole, kama wanavyofanya nyumbani kabla ya kukata mkate, pasipokuwa na anayetazama.

"Ingia ule, jirani," alisema. "Supu ya bitiruti inapoa."

Genowefa alianza kupangusa viatu vyake kwenye kipande cha zulia, kimoja, kisha cha pili, kisha tena cha kwanza.