Kipindi cha Dini Shambani kwa Zefania

Jumatano, kipindi cha dini kilipofika, katekista Zefania aliwaambia watoto wa Komunyo ya Kwanza wachukue majembe. Shamba lake la alizeti lilikuwa nyuma tu ya shule. Zamani alilima kipande cha kupata mafuta ya kupikia. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, malori yalifika hadi Ilongero, naye akalima mpaka ukingo wa korongo. Hakuona ubaya. Naye utotoni alimlimia mwalimu wake, kisha akafundishwa. Ila siku hizi palizi ilimaliza kipindi chote, na hiyo "kisha" haikufika.

Kwaresima ilipoanza, watoto hao wakaanza kulifuata jua. Kanisani walikaa wamegeukia dirisha la mashariki, na misa ikirefuka, nyuso zao zilisogea taratibu pamoja nalo. Siku ya mawingu waliinama tu. Mama zao walisema ni alizeti hiyo, wakaendelea na rozari.

Padre Philipo alipokuja na pikipiki yake kuwapima mafundisho kanisani, mbele ya wazazi, naye hakushangaa. Kule Itigi alikuwa na mwanakwaya aliyetoa nyuki mdomoni kila akiimba sauti ya pili.

"Altare yetu iko magharibi," alisema. "Basi misa iwe alasiri, watanielekea wenyewe."

Jambo hilo likawa limekwisha. Kisha akaanza kuuliza maswali. Wengi walibahatisha, wakaponea chupuchupu. Ikafika zamu ya Paulo, mtoto wa Anastazia.

"Sakramenti ni ngapi?"

Paulo alijibu akiwa ametazama dirishani. "Sijui, Baba. Najua kupunguza miche."

Padre alimgeukia Zefania. "Katekista, huyu umemfundisha?"

Zefania alikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja tu, nalo lilikuwa ulimini: sikumfundisha. Kabla hajalitoa, Anastazia akasimama kwenye benchi la nyuma, kitenge kimemshuka begani.

"Tusamehe, Baba. Mwalimu anajitahidi sana. Kosa ni letu nyumbani, tunaongea Kinyaturu muda wote, mtoto hashiki sala za Kiswahili."

Alikuwa anaamini alichosema. Hilo ndilo lililomuumiza Zefania, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Watu wote walimngoja, na mdomo wake ukasema, "Ni mzito kidogo, Baba."

"Basi arudie mafundisho mwaka mzima," Padre akakata shauri.

Pasaka, misa ilisaliwa alasiri. Jua lilishuka nyuma ya altare, na watoto waliovaa meupe wakalielekea wote, wametulia hata wageni wa mjini wakasifu malezi ya kigango. Zefania alipita na patena, kile kisahani cha kukinga hostia, chini ya videvu vyao, akaogopa kuwatazama usoni. Paulo alikaa na mama yake, naye ameelekea huko huko walikoelekea wenzake.

Jumatano iliyofuata, Anastazia alimleta mwenyewe mpaka shambani. Alikuwa ametia mpini mpya kwenye jembe la mtoto.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kushukuru. Mwenzio angemkatia tamaa."

"Marahaba," Zefania alijibu kwa sauti ndogo.

"Usimhurumie. Mkaze tu mpaka ashike."

Zefania alisema sawa. Alimngoja mama yule mpaka akatoweka njiani, maana aliona haya kumlimisha mtoto mbele yake, kisha akamwonyesha Paulo mstari wa kuanzia palizi.