Mapaa Mawili ya Phares

Benta Anyango alikuwa amekwisha kumwambia mumewe aite fundi. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwambia akiwa amempa mgongo kitandani, na siku moja alimwambia kanisani, katikati ya matangazo, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee ambapo Phares hangeweza kumjibu. Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi hiyo Benta aliporudi kutoka sokoni na kikapu chake, alimkuta mume huyo juu ya nyumba, makasi ya kukatia mabati mkononi, akilipasua paa katikati.

"Baba Akoth! Umerukwa na akili?"

"Nafanya zikuwe mbili," Phares alisema kutoka huko juu, bila hata kugeuka. "Nyumba mbili, paa mbili."

Ili uelewe jinsi mtu mzima, karani wa stoo ya reli na mweka hazina wa kwaya, anavyoweza kufikia hatua ya kukata paa la nyumba yake mwenyewe katika msimu wa mvua, lazima kwanza umjue mama mkwe wake.

Mama yake Benta alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limezima. La kulia lilimwonyesha mwanga na vivuli tu. Mwaka uliotangulia alipata nafasi ya kupasuliwa hapa Nairobi, akaja Dandora, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango, akanywa chai, kisha akauliza atalala wapi. Alipoambiwa ni humu humu ndani, aliomba apelekwe kwenye basi. Mila ya Wajaluo haina kona kwa jambo hilo: mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Benta alibembeleza, akalia, akasema hii ni Nairobi na watu wanabanana tu. Mama akamjibu kwamba aibu haijui Nairobi wala kijijini. Jioni hiyo hiyo alirudi kwao na giza lake.

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana tena, Jumanne, na daktari alikuwa amesema bila kuzunguka kwamba jicho hilo likingojeshwa tena, basi. Baada ya kupasuliwa, Mama angetakiwa kurudi hospitalini kila siku kwa wiki mbili, kwa hiyo ilikuwa lazima alale karibu. Benta alijaribu kila mlango. Wacuka, jirani yao, mama wa watoto sita ambaye hata hivyo hakuwahi kukosa nafasi ya mgeni, alijitolea kumpa kitanda. Mama akatuma neno kwamba hakuzaa binti aishiye Nairobi ili yeye alazwe kwa watu asiojua lugha yao. Benta akasema basi Phares ahamie kwa binamu yake Kaloleni kwa muda. Hapana pia. Nyumba ni ya mwanamume hata akiwa safarini, Mama alisema, na kitanda chake kimo ndani.

Ndipo Phares alipotangaza kwamba nyumba itagawanywa, na ataigawa yeye kwa mikono yake.

"Mama mkwe hajengewi na kibarua," alisema, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye neno hilo.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyofuatana. Cha mbele kilikuwa cha mawe. Cha nyuma walikijenga kwa mabanzi walipopewa ploti, wakisema ni cha muda tu, na muda huo ukawa miaka saba. Mchwa walikuwa wamejilia mabanzi walivyotaka, mabati yalikuwa na matundu, na mlango ulifungwa kwa kuegemezwa jiwe. Nyumba kama hiyo ilihitaji mafundi wawili na maombi. Ikampata Phares.

Alianza kwa kumwagisha mchanga mbele ya mlango, wakawa wanaingia kwao kwa kupanda mlima. Kisha akaweka mlango wa chumba cha Mama, mlango mzuri kabisa wa mbao mpya, ila ulifunguka kwa nje na kuuziba mlango wa choo. Benta aligundua hilo akiwa chooni. Aligonga, akaita, akatukana kwa lugha tatu, na Phares, aliyekuwa akipaka bawaba mafuta huku akipiga mluzi, alidhani ni watoto wa jirani wanacheza. Alipomtoa hatimaye alimwambia, "Lakini umeona vile bawaba zinateleza?"

Halafu akaja kwenye ukuta wa kati, ule wa mabanzi uliotenga vyumba viwili. Aliubomoa wote. Mabanzi na nguzo zilizokuwa bado nzima alizipeleka kwenye ukuta mpya wa chumba cha Mama, akaongeza na mbao zote alizonunua. Upande wao akatundika magunia, na binti yao Akoth akapelekwa kulala kwa Wacuka.

"Na sisi ukuta wetu?" Benta aliuliza.

"Yetu baadaye. Kwanza mgeni."

"Mgeni anakaa wiki mbili. Mimi nitakaa hapa mpaka nizikwe."

Sasa, Jumamosi hii, alikuwa amelifikia paa. Alikata ukanda wenye upana wa shubiri kutoka ukuta hadi ukuta, na anga likaonekana. Wacuka alitoka kuanua nguo, akasimama, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Mama Akoth, si watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Husema," Benta akajibu. "Huyu wangu amejenga ukuta ndiyo apate pa kuweka ufa."

Wacuka alicheka mpaka akashikilia kamba ya nguo. Benta hakucheka. Alimgeukia Phares, akamuuliza mvua itapita wapi.

"Nitaweka mfereji wa bati hapo kwa nafasi. Maji yateremke nje."

"Na huo mfereji ukishika paa ya huku na ukishika ya kule, si umeziunganisha tena?"

Alisema kwa kejeli. Alitaka tu kumwonyesha upumbavu wa jambo lote. Lakini Phares alishuka ngazi, akaketi juu ya mchanga wake, akafikiri kwa uzito wote wa mtu wa stoo.

"Kweli," akasema. "Mfereji haufai."

Benta alitamani kuumeza ulimi wake. Jumapili mvua ilinyesha na maji yakamwagika ndani ya chumba cha mbele, hatua moja kutoka kitandani, huku chumba cha nyuma kikibaki kikavu kabisa.

Jumatatu Mama akafika. Benta alimpokea kituoni, akamwongoza kwa mkono hadi nyumbani, akampandisha mlima wa mchanga na kumteremsha. Phares alikuwa amesimama kando ya ua akiwa na koti lake la kanisani, kichwa ameinamisha, macho yakitazama viatu. Hakusogea kumpa mkono, maana hilo nalo halifanywi.

"Mwulize mkwe wangu kama hajambo," Mama alisema.

"Mama anauliza kama hujambo."

"Mwambie sijambo. Mwambie karibu sana."

"Anasema hajambo na karibu sana," Benta akasema. Walikuwa wamesimama wote watatu mahali ambapo mkeka mmoja ungewatosha.

Mama alianza kuikagua nyumba kwa mikono. Alipapasa mlango, akapapasa ukuta mpya kutoka kona hadi kona, akanusa rangi, akaitikia kwa kichwa. Kisha akainua fimbo yake juu. Ncha ikapenya ule ukanda na kwenda hewani. Mama akaitembeza fimbo kando, ikagonga kitu. Ko. Akaifuatisha upande huu, ko, ko, akaifuatisha upande wa pili.

"Benta. Hii ni nini?"

"Ni boriti tu, Mama."

"Inatoka wapi?"

"Ukuta wa mbele."

"Na inakwenda wapi?"

Benta akamtazama Phares kule uani. Phares alikuwa bado anatazama viatu vyake.

"Inapita juu ya kitanda chako, Mama."

Mama akateremsha fimbo, taratibu. "Mti mmoja, nyumba moja," alisema. "Basi la jioni linaondoka saa ngapi?"

Hapo Benta alichoka. Hasira aliyokuwa ameibeba tangu siku ya mchanga ilimtoka yote, na haikuchagua wa kumpata.

"Rudi basi! Rudi na upofu wako! Nimefungiwa chooni kwa ajili yako. Nimenyeshewa ndani ya nyumba yangu kwa ajili yako. Nimebaki kupeleka maneno kati ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa! Akoth ana miaka sita, Mama. Kila mwaka unamshika uso na kuniuliza kama amefanana na mimi. Nataka umwone wewe mwenyewe! Ni hilo tu ninalotaka, na ninyi mnaniletea habari za miti!"

Alikuwa analia na hakujali nani anaona, na nusu ya mtaa ilikuwa inaona. Mama aligeuza uso kuelekea sauti ya binti yake, lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika mzigo wake. Alikuwa anaumia, hilo lilionekana wazi, na hata hivyo angekwenda.

Ndipo waliposikia msumeno.

Phares alikuwa amevua koti na kupanda ngazi. Alikuwa ameketi juu ya ukuta mpya, anakata.

"Baba Akoth! Hiyo boriti ndiyo inashikilia paa yetu!"

"Najua," alisema.

Katika wiki zote hizo ilikuwa mara ya kwanza kwake kujua jambo lolote kuhusu ujenzi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipoiacha. Mwambie Mama asogee kidogo."

Benta akamvuta Mama kando. Msumeno uliendelea, vumbi la mbao likianguka. Boriti ikalia, ikapasuka, na upande wa mbele, ambao haukuwa na ukuta wa kati wala nguzo ya kuupokea, ukaja chini wote, mabati na misumari na miaka saba ya masizi, kwa kishindo kilichowatoa watu majumbani. Wacuka alikimbia ameshika mwiko, akimwita Mungu kwa lugha yake, "Ngai!" Upande wa Mama, wenye nguzo zote nzuri, haukutikisika hata kidogo.

"Ni nini kimeanguka?" Mama aliuliza.

Benta alitazama. Ncha moja ya paa ilikuwa imelalia kabati, nyingine iko sakafuni, na kitanda chao kilikuwa kimekaa peke yake chini ya mawingu.

"Ni mabati ya zamani, Mama. Yalikuwa ya kutupwa."

Mama akainua fimbo tena. Akaitembeza huku, akaitembeza kule. Haikugusa chochote.

"Sasa ni mbili," alisema, akaweka mzigo wake ndani, akaufunga ule mlango wa bawaba zinazoteleza.

Benta na Phares waliingia chumbani kwao, kama bado kingeitwa chumba. Phares alikuwa mweusi kwa masizi hadi kwenye nyusi, msumeno bado mkononi, na alisimama akingoja kutukanwa. Benta alikuwa na matusi ya kutosha. Alikuwa anatafuta tu aanze na lipi. Sauti ya Mama ikaja kutoka upande wa pili.

"Benta."

"Naam, Mama."

"Mkwe wangu amechoka leo. Nasikia harufu ya mvua. Mwambie asikae nje, aingie ndani, asije akaugua."

Phares alifungua mdomo. Benta akamziba kwa kiganja.

"Ameingia, Mama," alisema, na tone la kwanza likamwangukia kwenye paji la uso. "Lala. Kesho tunaamka mapema."