Moinaecha Nishike

Siku Zoubeida alipotuamuru tusimame tujinyooshe, watu wote ofisini walisimama isipokuwa mimi. Nilikuwa na simu sikioni, na upande wa pili hakukuwa na mtu. Niliishika tu ili nisinyanyue mikono juu mbele ya Abdourahim mhasibu. Umri wangu ulikuwa umepita hamsini, na shingo yangu ilikuwa imepinda upande wa kushoto kwa kubana mkono wa simu begani miaka yote ile. Ilikuwa inaniuma hata nikitoa salamu mwisho wa sala. Lakini sikuona kwa nini nitibiwe hadharani.

Zoubeida ndiye aliyekuwa mkurugenzi wetu, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwa cheo, na alikuwa ametoka semina Morisi. Huko walimwambia kwamba mfanyakazi asiyecheka huugua, na asiyejifunza jambo jipya huzeeka akiwa kitini. Tulikuwa tunaugua kweli, hilo siwezi kumbishia. Kampuni yetu ilikuwa ya uwakala wa mizigo. Meli kubwa hufunga Mutsamudu, kisiwani Nzuani, kwenye maji ya kina, na mizigo huletwa kwetu Moroni, kisiwani Ngazija, kwa vyombo vidogo. Sasa kisiwa cha Nzuani kilikuwa kimejitangaza nchi peke yake tangu mwaka wa tisini na saba, tawi letu la Mutsamudu lilikuwa limefungwa, na sisi wa Moroni tulikuwa tunakuja kazini kutazamana. Abdourahim alipata vidonda vya tumbo. Dereva wetu alikuwa anagombana hata na mlango.

Baada ya kujinyoosha ikaja amri nyingine. Kila Jumatano asubuhi kila mtu achague mwenzake, amfundishe jambo asilolijua na lisilohusu kazi yake. Abdourahim akasema anataka kudarizi kofia, na dereva, ambaye mikono yake ilikuwa na ustadi huo tangu ujanani, akakubali kumfundisha. Zoubeida mwenyewe akaomba afundishwe kuendesha lori. Nikadhani mimi nitaachwa kwa amani, kwani nani atake kujifunza kupokea simu zisizolia?

Salimou akanyanyua mkono.

Salimou alikuwa mtunza ghala wetu, mtu wa Mutsamudu, mrefu na mpole. Alihamishiwa Moroni kabla mambo hayajaharibika, na yalipoharibika akakwama upande wetu, mke na watoto wakiwa upande ule. Akirudi kwao hana kazi, na watoto wale walikuwa wanakula kwa mshahara wake wa hapa. Akibaki, kila mwezi uliopita watu wa Moroni walizidi kumtazama Mnzuani kwa jicho baya, kana kwamba ni yeye aliyeshika msumeno akaikata nchi. Hayo sote tuliyajua, na hatukuyasema.

Alisema anataka Bi Kaltoum, yaani mimi, nimfundishe kusema Kingazija kama watu wa Ntsoudjini.

Ofisi nzima ikacheka. Kingazija chake kilikuwa kizuri tu, tulielewana naye siku zote, ila kila neno lilitoka na lafudhi ya kwao. Ntsoudjini ndiko kwetu, kaskazini kidogo ya Moroni, na sisi hatuna haya kusema kwamba lugha ilianzia kwetu, wengine wameazima. Nikamuuliza kwa nini asitafute kitu cha maana. Akajibu kwa adabu kwamba kwake hicho ndicho cha maana, kama sitachoka naye.

Nilikuwa nimejiandaa kuanza na salamu. Salamu alizijua. Alitaka nimwambie mtu wa kwetu husemaje akikanyagwa mguu. Husemaje akiunguzwa na chai? Akipigwa kikumbo sokoni, neno gani linamtoka kabla hajajua kwamba anasema? Nikamwambia mambo hayo hayafundishwi, yanatoka yenyewe.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Bi Kaltoum," alisema. "Wewe ukishtuka, jengo zima linajua."

Hakusema uongo. Mimi ni mtu wa kushtuka. Mlango ukibamizwa naruka, na nikiruka nalia, "Moinaecha nishike!" Nimelia hivyo tangu utotoni, na haikunipitikia kwamba kuna mtu anasikiliza. Salimou aliniomba nirudie polepole. Akatazama midomo yangu, akajaribu, nikamsahihisha pale sauti inapopanda, akajaribu tena. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, amekaa juu ya gunia la mchele anajifunza kushtuka.

Udadisi ni maradhi yangu, na safari hii ulinikosesha usingizi. Mwanamume haupi ulimi wake taabu hiyo bure, nikawaza, lazima kuna mwanamke. Ameona binti mtaa wa Badjanani, na ndugu wa binti hawamtaki mkwe wa Nzuani. Nikaanza kumhurumia mke wake, ambaye sijawahi kumtia machoni, na kumnunia yeye. Mchana mmoja alipotoka kwenda kula, nikajitanda leso yangu nikamfuata.

Aliingia vichochoro vya Badjanani, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani. Hakubisha hodi popote. Alisimama kwenye duka akauliza bei ya misumari, akashukuru, akaondoka. Mbele kidogo akauliza vifungo, kisha mafuta ya taa, na hakununua chochote. Kila alipouliza, mwenye duka alinyanyua uso, akamwangalia vizuri, ndipo akamjibu. Mwisho akafika kwa mzee mmoja aliyekuwa anapanga viberiti, akauliza bei ya sabuni. Mzee akaitaja bila kugeuka, akaendelea na viberiti vyake. Salimou akatoka pale akitabasamu peke yake, uso umemng'aa, akapita karibu nami bila kuniona.

Nilibaki nimesimama. Ni furaha gani ya mtu kutajiwa bei ya sabuni na aliyempa mgongo? Nilifika karibu na ofisi ndipo nikaelewa. Mzee yule alisikia mtu wa hapa, hakuona haja ya kumtazama.

Nilimkabili ghalani jioni ile, na hakunificha. Binamu yake alikuwa na meza ya nguo sokoni Volo Volo, amekaa Moroni miaka mingi na anasema Kingazija vizuri kuliko yeye. Vijana walimjia kwa nyuma wakamsukuma, akalia kwa Kinzuani. Hawakumuuliza jina wala mji. Meza ilipinduliwa, nguo zikaenda, na yeye akavunjwa mkono.

"Salamu mtu hujifunza," Salimou aliniambia. "Lakini ukishtuka unarudi kwenu. Mimi nataka nikishtuka nibaki hapa."

Maneno yale yaliniuma, na mimi nikiumwa huwa mkali. Nikamwambia kama ni hivyo basi Jumatano peke yake haitoshi.

Kesho yake nilimvizia nyuma ya marobota nikaangusha sinia la bati. Akaruka akamwita mama yake kwa Kinzuani safi kabisa. Nikamwambia ameshakamatwa, turudie. Nilimtia barafu ndani ya kola. Nilimpigia honi ya lori masikioni, Zoubeida akiwa kwenye usukani na mimi nimening'inia dirishani. Abdourahim naye alipita na sindano yake ya kofia akamdunga begani, kwa bahati mbaya, alidai. Ofisi ile iliyokuwa ya watu wa kutazamana ikawa ya watu wa kuviziana. Abdourahim alicheka mpaka akashika tumbo, na hakuwa ameshika vidonda. Zoubeida, ambaye sikumwambia sababu, alifurahi akasema hilo hata Morisi hawalijui. Na shingo yangu, kwa kukimbizana huku na huku na sinia mkononi, ilianza kugeuka pande zote mbili.

Asubuhi moja kreti la makopo likaanguka lenyewe. Hakuna aliyelipanga, na mimi mwenyewe liliniziba pumzi. Salimou akaruka kando akalia, "Moinaecha nishike!" na sauti ikapanda pale pale inapopaswa kupanda. Kisha Zoubeida akapiga makofi, na Salimou akakaa chini akatazama mikono yake kama mtu aliyesikia sauti ngeni ndani ya nyumba yake. Sikujua kama alifurahi. Mimi nilifurahi, kisha nikaona huzuni, na huzuni ile sikuweza kuieleza.

Mwezi wa Aprili mwaka wa tisini na tisa mkutano wa Antananarivo uliisha bila wajumbe wa Nzuani kutia saini, na Moroni ikachemka. Vijana waliweka mawe barabarani, wakawa wanawatoa Wanzuani katika vyumba walivyopanga na kuwafukuza. Zoubeida alifunga ofisi kabla ya adhuhuri, akamwambia Salimou alale ghalani, ufunguo akae nao ndani. Alikubali. Lakini picha za watoto wake zilikuwa chumbani kwake, nyuma ya soko la Volo Volo, naye akaenda kuzichukua. Mimi nilikuwa nimeshapanda gari kwenda kwetu, sikujua.

Karibu na magharibi mlango wangu ukagongwa. Nilipofungua nikamwona Aboubacar, kijana wa jirani niliyemlea kwa maandazi yangu, na nyuma yake kundi la wenzake, wengine wageni kwangu. Katikati yao alisimama Salimou. Shati lilikuwa limechanika bega zima, mdomo unavuja damu, na bahasha ya picha ameibana kwapani. Alinitazama tu.

Aboubacar alieleza huku akitafuta maneno. Walimsimamisha Volo Volo, wakamhoji, akajibu kama wao. Mmoja akasema hapana, huyu hata anavyosimama ni Mnzuani, akamkumba kwa bega kutoka nyuma, na mtu huyu akalia jina la Moinaecha.

"Nikawaambia hicho ni kilio cha nyumba ya Mama Kaltoum," alisema. "Nimekisikia ukutani tangu nazaliwa, hakuna mwingine anayelia hivyo. Wao hawakuamini. Ndiyo tumekuja kukuuliza. Huyu ni wenu?"

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, kesho mtaa wote utatafuta ni mtoto wa nani, na kwetu nasaba ya nyumba hufuata mama, kila bibi kizee anaikariri. Nilijua pia mikono ile ikimrudisha barabarani itamfanya nini.

"Mjukuu wa Moinaecha," nilisema. "Sasa nani kati yenu amemchania shati mwanangu?"

Nikawauliza mmoja mmoja, mama yako ni nani, na wewe mama yako ni nani, nikawaambia nitapita kwa kila mmoja wao usiku huu. Walianza kurudi nyuma. Aboubacar aliniomba radhi akawa wa mwisho kuondoka.

Nilipofunga mlango, Salimou alikunywa maji, akajifuta mdomo. Kisha akasema, "Bi Kaltoum, samahani. Huyo Moinaecha ni nani?"

Nilimtazama nisiamini. Alidhani ni walii. Miezi yote ile alidhani ni mwanamke mtakatifu wa Ntsoudjini ambaye Wangazija wote humwita wakiogopa, na alikuwa amepanga siku moja aje alizuru kaburi lake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakutaka kukoma. Nikamwambia ni bibi yangu, mzaa mama. Nyumba hii ina ngazi za mawe, na nilipokuwa mdogo nilikuwa naogopa kuzishuka. Yeye alikuwa akisimama chini na mikono wazi, na mimi kabla ya kushuka namwambia anishike.

Asubuhi aliniomba nimpeleke. Tukaenda makaburini mapema, akasimama mbele ya Moinaecha wangu, akamsomea Fatiha kwa sauti ndogo.

Alikaa kwetu mpaka ikapatikana nafasi kwenye boti iliyokuwa inawarudisha Wanzuani kwao. Tulimfundisha yote aliyoyataka, na bado mji haukumtaka. Nilirudi ofisini nikiwa na hasira na kila mtu. Jumatano ikifika, Zoubeida alikuwa ananiuliza nitajifunza nini, nami nasema naumwa shingo.

Mwaka mwingine uliingia, watu wakaanza tena kuzungumza, na Zoubeida akapata ruhusa ya kufungua tawi la Mutsamudu. Alinipa namba nipige. Simu ikaita, ikapokelewa, na kabla sijamaliza salamu nikaijua sauti. Alikuwa amerudishwa kazini, karani wa tawi, watoto hawajambo. Alikuwa anasema Kinzuani chake, taratibu ili nimfuate, na mimi nilijibu kwa maneno machache ya kwao niliyoyaokota kwa kumsahihisha.

Nyuma yake kitu kizito kikaanguka, bati juu ya saruji.

"Moinaecha nishike!" akalia Salimou.

Nilisimama. Mutsamudu nako walikuwa hawapendi kusikia Kingazija siku zile. Nilisikia sauti ya mwanamume, si ya kirafiki, ikimuuliza amesema nini, na amemwita nani.

"Ni bibi yangu," Salimou alimjibu bila haraka. "Amezikwa Ntsoudjini."

Kisha akarudi kwenye simu akaniuliza kama bado nipo. Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili, nalia mbele ya ofisi nzima, na nikamwambia nipo.